Usiku tuliokwama Kenani: nilivyomfikisha mama Malindi

Mtu wa Malindi akimpeleka mgonjwa Nairobi, safari ya kurudi humtia mawazo kuliko matibabu yenyewe. Basi la usiku lipo, lakini ni kukaa kitako mpaka asubuhi, magoti yamebana kiti cha mbele. Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi, na miguu yake huvimba akikaa muda mrefu. Kwa hivyo kabla ya SGR, reli mpya, kuanza mwaka 2017, reli ya zamani ikingali inafanya kazi, sisi tulikuwa watu wa treni. Daraja la kwanza lilikuwa na chumba cha vitanda viwili, la pili vitanda vinne. Unapanda Nairobi saa moja jioni, unakula, unatandikiwa shuka, unalala, asubuhi uko Mombasa. Kutoka hapo Malindi ni kilomita kama 120, na matatu za barabara ya Abdel Nasser hazikosekani.

Safari ninayoisimulia haikwenda hivyo. Naiandika kwa sababu mpaka leo nawaona wasafiri wakikwama, iwe kwenye basi la Garsen au kwenye mashua ya Mokowe, na wote hufanya jambo moja: wanamfokea kijana wa kazi asiyejua lolote, halafu wanakaa na hasira zao. Nawaelewa. Lakini kuna namna nyingine, na ilitufaa.

Treni ilisimama baada ya kupita Mtito Andei, usiku mkubwa. Kusimama peke yake hakukuwa ajabu. Reli ile ilikuwa ya njia moja. Treni mbili zikikutana, moja huingia pembeni kwenye stesheni ikangoja nyenzake ipite, na abiria wa zamani hawaamki hata. Kilichoniamsha ni joto. Feni ilikuwa imezima, na taa ya koridoni imebaki wekundu tu. Mabehewa yale yalipata umeme wa betri, na betri zilijichaji magurudumu yakizunguka. Taa ikififia namna ile ujue mmesimama kitambo.

Nilifungua dirisha. Stesheni ndogo, kibao kimeandikwa Kenani, giza kila upande. Kenani iko katikati ya mbuga ya Tsavo, upande huu Mashariki, upande ule Magharibi. Barabara kuu ya Mombasa haiko mbali, ukitega sikio unasikia malori, na ndiyo maana vijana wa daraja la tatu walishaanza kushuka na mabegi yao wakisema watatembea hadi barabarani wapate lifti. Mzee mmoja wa Maungu akawasimamia mlangoni: "Wanangu, huku kuna ndovu na simba. Subirini kuche." Walimsikiliza, na namshukuru mpaka leo.

Kilichofuata ndicho kilichotuumiza zaidi ya ubovu wa injini. Hakuna aliyekuja kutuambia kitu. Kulikucha, jua likapanda, maji ya chooni yakaisha, na hakuna aliyesema treni ina nini wala itaondoka lini. Mhudumu wa behewa letu, kijana aliyevaa koti jeupe, alikuwa akizungukwa na watu kumi kwa mpigo, kila mmoja akipaza sauti. Kulikuwa na baba aliyekuwa akiwahi maziko Takaungu. Alirudia swali moja tu: "Niwaambie wasubiri au wazike?" Hakuna aliyemjibu. Chombo chochote huharibika, na mtu mzima hulielewa hilo. Lakini mtu anayejua ukweli akanyamaza, anakunyima hata nafasi ya kujipanga. Yule baba, lau angejua tangu alfajiri kwamba hatutafika kabla ya jioni, angepiga simu mara moja na moyo ungetulia.

Mimi hesabu yangu ilikuwa ya sindano ya mama. Wakati ule alikuwa akidungwa insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Kwa wasiojua: dawa ile ikishaingia mwilini inateremsha sukari, uwe umekula au hujala. Ukimdunga mgonjwa halafu chakula kisije, sukari inashuka kupita kiasi. Ataanza kutetemeka, jasho jembamba litamtoka, atasema maneno yasiyoeleweka, na asipopewa kitu kitamu upesi anaweza kuzimia. Kwa hivyo swali langu halikuwa tutafika lini. Lilikuwa: je, kiamsha kinywa kipo kweli?

Nilikwenda mwenyewe mpaka behewa la chakula. Mpishi alinionyesha: mkate uliobaki ni wa watu wachache, mayai yamekwisha, gesi ndogo. Nilirudi nikamwambia mama, "Hatudungi mpaka chakula kiwe mkononi." Akajibu, "Haya, mwanangu, wewe ndiwe daktari leo." Shangazi yangu wa Pangani, Nairobi, alikuwa ametufungia mahamri, na kwenye mkoba sikosi tende na sukari ya pakiti. Nikayapanga mahamri juu ya leso kitandani, nikampima sukari kwa kile kimashine cha kidoleni, nikaona haijashuka, ndipo nikamdunga. Nikangoja nusu saa yake, chakula kipo mbele yetu, akala taratibu na chai ya mkandaa ya kwenye chupa. Yaliyobaki nikayafunga kwa ajili ya jioni. Sikuyagawa, ingawa watoto wa chumba cha pili walikuwa wakilia njaa, na hilo liliniuma; tende niliwapa.

Chupa ya insulini nayo ilihitaji akili. Barafu niliyotoka nayo Nairobi ilikuwa imeyeyuka. Chupa iliyokwisha kufunguliwa hustahimili hewa ya kawaida wiki nne hivi, mradi joto lisipande sana na isipigwe na jua, lakini chumba cha bati Tsavo saa nne asubuhi si hewa ya kawaida. Niliitia kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, nikakizungushia kitambaa kilicholowa, nikakitundika dirishani upande wa kivuli. Upepo ukikausha kitambaa, kikopo kinapoa. Kila kitambaa kikikauka nakilowesha tena kwa kikombe kimoja cha maji ya kunywa, na maji hayo niliyahesabu kwa jicho kali.

Mama alipotulia ndipo nilipomtafuta gadi. Watu wengi hawamjui gadi. Wanamjua mhudumu anayetandika vitanda na karani anayekagua tikiti, lakini treni nzima iko mikononi mwa gadi. Yeye ndiye anayezungumza na dereva na wakubwa wa mawasiliano ya reli. Nilimkuta nyuma kabisa, mzee wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamwamkia shikamoo. Nadhani ile shikamoo ndiyo iliyofungua mlango, maana tangu alfajiri hakuna aliyekuwa amemsalimu.

Sikumuuliza kwa nini mmetufanyia hivi. Nilimuuliza kilichoharibika ni nini, kichwa cha kutuvuta kinatoka wapi, na kikifika kitatupeleka wapi kwanza. Akanijibu yote bila kuficha. Kichwa chetu kimekufa, hakitengenezeki pale. Kingine kitatoka Voi, lakini kwa kuwa njia ni moja, lazima treni ya mizigo iliyo mbele ipishwe kwanza. Hakitafika kabla ya adhuhuri. Kikifika, kituo cha kwanza ni Voi, na hapo tutakaa tena. "Mbona hamkuwaambia watu?" nikamuuliza. Akasema hajapewa ruhusa ya kutangaza. Nikamwambia, "Mzee, mimi sihitaji ruhusa. Nikiwaambia, utanikana?" Akanitazama, akasema, "Sema ukweli kama nilivyokwambia, usiongeze."

Nikapita behewa kwa behewa nikiyasema maneno yale yale, na mpaka daraja la tatu, ambako watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbao na watoto mapajani tangu Nairobi. Sikuzidisha wala sikupunguza. Kelele zilishuka. Hasira hazikuisha, na hazikupaswa kuisha, lakini watu walianza kufanya mambo: waliokuwa na chaji wakawapa wenzao simu, mama mmoja akakusanya maji yaliyobaki kwa ajili ya watoto wachanga, yule baba wa Takaungu akapiga simu kwao akawaambia wazike. Alikaa kimya muda mrefu baada ya hapo. Nilimletea chai.

Mchana tulivutwa hadi Voi. Hapo nilikuwa nimeshaamua kwamba mama hangojei zaidi. Wenye wagonjwa, wenye watoto na yule baba tukachanga, tukakodi matatu moja mpaka Mombasa. Lakini kabla ya kutoka stesheni nilifanya jambo ninalowashauri wote: nilimwomba gadi aandike nyuma ya tikiti zetu saa tuliyosimama na saa tuliyofika Voi, kisha mkuu wa stesheni akagonga muhuri. Wengine waliona napoteza wakati. Tikiti isiyo na maandishi hayo ni karatasi ya safari iliyokamilika. Huna la kuonyesha. Malindi tuliingia usiku, mama akadungwa, akala mahamri yake, akalala kitandani mwake.

Barua ya malalamiko niliiandika nikiwa nimeshatulia, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilitaja Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010. Kila mtu hukumbuka kwamba kifungu hicho kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia ya hasara. Wachache hukumbuka kwamba kinampa pia haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma, na kwamba kinazihusu huduma za umma sawasawa na za watu binafsi. Hiyo ndiyo hoja niliyoisimamia. Treni kufa ilikuwa bahati mbaya. Kutuacha gizani ilhali gadi anajua yote ulikuwa uamuzi wa mtu, na uamuzi una mwenyewe.

Jibu lilichelewa, na ilinibidi nipige simu mara nyingi. Nauli ya kipande cha Voi hadi Mombasa ilirudishwa kwa M-Pesa. Kodi ya matatu waliikataa, wakisema tulishuka kwa hiari yetu. Niliwajibu kwa maandishi kwamba mgonjwa wa kisukari aliyebakiwa na mahamri ya mlo mmoja, ndani ya treni isiyo na maji wala saa ya kuondoka, hashuki kwa hiari, na nikaambatisha barua ya daktari.