Graaff-Reinet kwa siku moja na nusu: nilivyopanga ratiba

Graaff-Reinet ni mji wa mwaka 1786 katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, na Hifadhi ya Taifa ya Camdeboo imeuzunguka karibu pande zote. Hilo ndilo lililoniamulia ratiba: majengo asubuhi, miamba jioni, mtaa wa Umasizakhe kesho yake.

Majengo niliyazungukia kwa miguu, saa tatu zikatosha. Mnara wa Groot Kerk, kanisa lililoiga lile kuu la Salisbury huko Uingereza, ndio ulioniongoza. Reinet House, iliyokuwa nyumba ya mchungaji tangu 1812, sasa ni makumbusho. Uani pana mzabibu uliopandwa 1870. Piga simu kwanza kuulizia saa za kufungua, hasa kama unafika wikendi.

Valley of Desolation, bonde lenye nguzo ndefu za miamba, iko kilomita 14 kutoka mjini. Lami inafika hadi juu, ila mlima ni mkali. Wakati wa kushuka tia gia ndogo. Ukikalia breki tu, zitapata moto na kulegea. Makosa ya wengi ni kupanda adhuhuri. Jua likiwa utosini miamba haina kivuli, na picha inatoka bapa. Nilipanda saa mbili kabla ya machweo, baada ya kuuliza getini wanafunga saa ngapi.

Nguzo zile, nyingine zikifika mita 120, ni za doleriti: uji wa moto uliojipenyeza kati ya matabaka ya miamba laini, ukapoa na kupasuka wima. Mmomonyoko ukala kile kilicho laini, doleriti ikabaki imesimama. Ukishajua hivyo, Spandaukop, ule mlima wenye kichwa cha jiwe kando ya mji, nao unasomeka kirahisi.

Njia ya miguu ya Crag Lizard ina kilomita 1.5, kama dakika 45. Vaa viatu vinavyoshika, chukua koti hata kama mjini kuna joto, na usikaribie ukingo kwa ajili ya picha: uzio haupo kila mahali, na upepo wa huko hautabiriki.

Wageni wengi huondoka bila kufika Umasizakhe. Naona ni hasara. Hapo ndipo alipozaliwa Robert Sobukwe mwaka 1924, kiongozi wa kwanza wa PAC (Pan Africanist Congress), chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini na ambacho kilipokuwa uhamishoni kilikuwa na ofisi Dar es Salaam. Alifariki Kimberley mwaka 1978, akazikwa huku kwao. Kaburi limeshaharibiwa na wahuni zaidi ya mara moja, kwa hiyo usiende peke yako na kamera shingoni. Tafuta mwongozaji mwenyeji jioni ya kuamkia siku hiyo, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Jaza mafuta mjini. Kwa barabara ya N9 hadi mji wa Middelburg ni kama kilomita 100, na katikati hakuna mji wa maana.