Mzee aliyetaka mwaloni: siku moja kitaluni kwangu Tabora

Saa 12 asubuhi. Oktoba ya Tabora haina huruma. Mvua bado, na kisima kimeshuka hadi nimeongeza kamba. Namwagilia kabla jua halijakaza, keni baada ya keni, viriba mia nane na ushee, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Mwarobaini unavumilia. Mgrivea ndio wa kudeka: ukikosa maji siku mbili, ncha inainama kama mtoto aliyekaripiwa.

Saa 2. Kukata mizizi. Mzizi mkuu hutoboa kiriba na kuzama ardhini. Usipoukata mapema, siku ya kuuza unang'oa mche na nusu ya uhai wake inabaki chini. Nanyanyua kiriba kimojakimoja, nakata kwa wembe kilichochungulia, narudisha. Leo nimekuta mzizi uliojizungusha ndani kama mkia wa paka aliyelala. Mche wenyewe ulikuwa mzuri, majani tele. Nimeutupa. Mume wangu husema natupa hela, lakini mti wa hivyo hukupumbaza miaka kadhaa, kisha upepo mmoja tu unaulaza, na jina linalotajwa siku hiyo ni langu.

Saa 4. Mzee mmoja wa kanisa anaegesha baiskeli.

"Mwangaluka, mama miti."

"Mwangaluka, baba. Karibu kivulini."

Anataka mwaloni. Ule wa Mamre, alipopiga hema Ibrahimu, aupande mbele ya kanisa. Nikamweleza kwamba mialoni mingi ni ya nchi za baridi, na mbegu yake, kokwa iliyokaa kwenye kikombe chake, ikikauka imekufa. Huwezi kuiweka kwenye pakiti dukani kama mchicha. Akasikitika kweli.

Nikampeleka kwenye migrivea. Waingereza wanauita mwaloni wa hariri, ingawa hauna undugu wowote na mwaloni. Asili yake ni mashariki mwa Australia, na ndugu yake ni makadamia. Jina lilitokana na mbao, maana zikipasuliwa zina mabaka yanayofanana na ya mwaloni. Nikageuza jani. Kwa chini ni la rangi ya fedha, lina vinyweleo laini. Mzee akapitisha kidole polepole.

"Kwa hiyo Ibrahimu hakukaa chini ya huu."

"Hakukaa, baba."

"Kivuli utatoa?"

"Utatoa. Ila usiupande karibu na bati, matawi yake ni mepesi kukatika."

Nilipomwambia maua yake ya rangi ya chungwa yanapendwa na nyuki, habari ya Ibrahimu ikaisha. Mzee ana mizinga. Akalipia mitatu, itakaa kwangu mpaka mvua zishike.

Mchana ni ugali, usingizi kidogo na kufukuza mbuzi wa jirani.

Saa 10 jioni. Nimeitwa mtaa wa Ipuli, kwa mteja, kuona mgrivea niliouza msimu uliopita. Majani yamekuwa ya njano. Sikuhitaji kuuliza. Shina limevikwa koti la udongo wa mchwa, na ndani yake gome limeliwa karibu duara zima. Nikakwangua kwa ukucha: kavu, kavu, kavu, halafu ukanda wa kijani, upana wa vidole viwili. Mti mzima unaishi kwa huo. Nyasi za kutunza unyevu zilikuwa zimerundikwa hadi kwenye shina, kitanda na chakula cha mchwa.

"Dada, si uliniambia nifunike?"

Nilimwambia. Sikumwambia aache nafasi ya shibiri moja kuzunguka shina. Nikaondoa nyasi zote, nikapangusa udongo, nikazungushia majivu, na hela ya kuja nikakataa.

Saa 12 jioni. Maji ya pili. Miche mitatu ya mzee nimeifunga vipande vya kitenge na kuitoa chini ya kichanja, ianze kuzoea jua. Mmoja tayari umeinamisha ncha. Keni ilikuwa na maji kidogo yaliyobaki, nimeumalizia huo.