Kamba wa Clear Fork

Tulitoka Charleston alfajiri, tukaingia bonde la Cabin Creek na kuanza kupanda mlima Kayford. Barabara imebanwa kati ya kijito na reli ya makaa ya mawe. Mwenzangu, mtaalamu wa viumbe wa majini, aliniomba nione kwanza mlima, ndipo twende mtoni. Nilidhani ni kupoteza muda. Nilikuja jimbo la West Virginia, Marekani, kumtafuta kamba wa maji baridi, yule mwenye magando anayeishi mitoni, si kuangalia milima.

Juu Kayford kuna makaburi ya ukoo wa Larry Gibson, mtu aliyekataa kuuza ardhi yake kwa wachimbaji mpaka alipofariki mwaka 2012. Ukipita hapo kidogo, msitu unakatika ghafla. Palipokuwa na kilele pamebaki uwanja wa mawe ya kijivu, mpana kiasi kwamba magari makubwa ya mgodini hufanana na siafu. Nilisimama pale muda mrefu, nikikosa la kusema.

Namna ya uchimbaji wenyewe ni hii: msitu unafyekwa, mwamba unalipuliwa kwa baruti, makaa yanachotwa tabaka kwa tabaka, kisha kifusi kinamwagwa kwenye bonde la jirani. Na mabonde hayo ndiyo vijito vinamoanzia. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilikadiria kuwa karibu maili 2,000 za vijito vya chanzo zimefukiwa katika milima ya Appalachia. Maji hayaishii hapo, bali hupenya kwenye kifusi na kutokea chini yakiwa yamebeba chumvi za mwamba uliovunjwa, na mara nyingine seleniamu, ambayo ikizidi huwafanya samaki wazaliwe na ulemavu.

Njiani kuelekea kusini tulizungumzia sheria. Sheria ya uchimbaji wa wazi ilitiwa saini na Rais Carter mwaka 1977, na ile ya spishi zilizo hatarini ilikuwepo tangu 1973. Kwa mujibu wa hiyo ya pili, ofisi yoyote ya serikali kuu inayoidhinisha jambo linaloweza kudhuru spishi iliyoorodheshwa lazima ishauriane na Idara ya Samaki na Wanyamapori. Upande wa makaa, mashauriano hayo yalifungwa kwa waraka mmoja wa mwaka 1996, uliohusu migodi ya wazi ya nchi nzima. Ulihesabiwa kuwa unatosha kwa spishi zote zilizokuwa kwenye orodha, na hata zile ambazo zingeingizwa baadaye.

Nilimwambia asimamishe gari kidogo. Yaani kiumbe ambaye bado hajaorodheshwa, hajachunguzwa, tayari ameshatolewa uamuzi? Akaitikia kwa kichwa. Kamba tuliyekuwa tukimfuata aliorodheshwa mwaka 2016, miaka 20 baada ya waraka ule. Waraka mpya ulikuja 2020, nao pia ni wa nchi nzima. Mimi sikubali kwamba mto unaweza kukaguliwa hivyo. Kila kijito kina maji yake na wenyeji wake.

Tulifika Clear Fork, wilaya ya Wyoming, jua likiwa limeshapanda. Kamba huyu anaitwa kwa jina la mto Guyandotte, na alipoorodheshwa alikuwa akijulikana kuwepo kwenye mito miwili tu: huu wa Clear Fork na Pinnacle Creek. Hachimbi shimo ukingoni kama kamba wengine. Makao yake ni chini ya mawe makubwa bapa, kwenye maji ya kasi, na anahitaji uwazi kati ya jiwe na sakafu ya mto. Tope laini likishuka kutoka migodini, kwenye barabara za kusombea magogo au kwa magari yanayopita majini, uwazi ule unaziba. Hapo jiwe lipo, lakini nyumba haipo.

Mwenzangu ndiye mwenye kibali, kwa hiyo mimi nilishika wavu tu. Jiwe la kwanza lilikuwa limegandamana na tope, likang'oka kwa mlio wa kunyonya. Chini yake hamkuwa na kitu. La pili vivyo hivyo. La tano, la tisa. Maji yalinifika magotini, na vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi.

Kwenye mkondo mwembamba juu ya daraja aliinua bapa moja pana kama sinia, na maji yaliyopita chini yake yakabaki maangavu. Kamba akaruka kinyumenyume mpaka wavuni. Mgongo wake ulikuwa kijani cha zeituni, na magando yenye buluu iliyoiva ameyainua kunikabili. Hakuzidi kidole changu cha kati. Chini ya mkia alikuwa amebeba mayai, yamebanana kama tembe za mtama mweusi.

Mwenzangu alimpima haraka, akamwachia. Kisha akalirudisha jiwe, akaligeuza mara mbili, akapapasa ukingo wake kwa kidole kuhakikisha uwazi umebaki, upande uleule ulioelekea mkondo.

Tulipokuwa tukivua mabuti mvua ilianza huko juu milimani. Tulingoja darajani. Baada ya nusu saa maji yalibadilika, kwanza kama chai hafifu, halafu rangi ya majivu, yakapita juu ya lile jiwe mpaka hatukuliona tena.