"Mimi" ya Barua na "Mimi" ya Mlangoni

Katika uchunguzi wa kwanza wa kitabu chake cha mantiki, uliotoka mwaka 1901, mwanafalsafa Edmund Husserl alitenga mambo mawili ambayo sisi huyaita kwa pamoja ishara: dalili, inayomwelekeza mtu kwenye jambo jingine, na usemi, uliobeba maana. Mbuyu ukichipua majani kabla ya mvua huku kwetu Dodoma, mkulima huandaa jembe, lakini mbuyu haukukusudia kumwambia neno. Mgawanyo huo ninaukubali. Kinachonishughulisha ni hatua iliyofuata.

Husserl aliona kwamba tunapozungumza na wenzetu usemi huchanganyika daima na dalili, kwa kuwa msikilizaji hawezi kuingia moyoni mwangu, bali huyafikia mawazo yangu kwa kupitia ninayoyatamka. Usemi usiochanganyika na dalili akautafuta kwa mtu anayejisemea moyoni, ambaye hana la kujiarifu, kwani anachokiwaza anakiishi papo hapo. Mwaka 1967 mwanafalsafa Jacques Derrida alimjibu kwamba hata neno la moyoni huwa neno kwa sababu tu linaweza kurudiwa, na kwamba kujisikia tukisema ndiko kunakotuaminisha kuwa maana tunayo mkononi.

Tofauti yao huonekana wazi kwenye neno "mimi". Kwa Husserl, anayelisoma bila kujua mwandishi amekutana na neno lililotengwa na maana yake ya kawaida. Kwa Derrida, ni lazima lieleweke hata aliyelisema akiwa amekufa.

Ninayo barua ambayo marehemu babu alituandikia kutoka Mpwapwa, kwa wino wa bluu kwenye karatasi ya daftari: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Sentensi hiyo si kweli tena, Mungu amrehemu, lakini maana yake haijapungua hata chembe. Wala hakuitunga yeye. Watu wengi wa enzi zake walianza barua hivyo hivyo, na bado naamini aliikusudia kwa moyo wote. Familia ikikutana, shangazi huisoma kwa sauti, na akifika kwenye "mimi ni mzima" hata watoto hawadhani kwamba anajizungumzia. Pumzi ni yake, kinywa ni chake, "mimi" si yake. Kwa hiyo sauti kuwapo hakutoshi kuimiliki maana, na hapo nasimama na Derrida.

Hata hivyo simwachi Husserl. Mtu akipiga hodi usiku, nasi tukauliza ni nani, hujibu "mimi", jibu ambalo kila mwanadamu angeweza kulitoa, na mlango hufunguliwa kwa sababu tumeitambua sauti. Sauti hiyo, kwa mgawanyo wake mwenyewe, ni dalili kamili: haituelezi lolote, ila inatujulisha aliyepo. Nadhani alikuwa sahihi kuitenga dalili na maana, lakini aliharakisha mno kuyaacha mazungumzo ili aikwepe dalili, kwani pasipo dalili hiyo "mimi" ya mlangoni ingebaki na maana yake yote, na mgeni angebaki nje.