Nilivyoiondoa Dovecot 2.4 na kurudisha 2.3 kwenye seva ya barua Arusha

Kampuni ninayoihudumia ni ya utalii na ina ofisi mbili, moja Arusha mjini, nyingine Moshi. Kila ofisi ina seva yake ya barua pepe: Postfix inapokea na kutuma, Dovecot inatunza visanduku vya watu. Seva hizo zilikuwa zinanakiliana. Barua ikiingia Arusha, muda si mrefu iko na Moshi. Intaneti ikikatika katikati, kila ofisi inaendelea na barua ilizonazo, na mawasiliano yakirudi zinasawazishana zenyewe. Kwa watu wanaopanga wapagazi wa njia ya Machame huku wageni wakibadilisha tarehe kila kukicha, hilo si jambo la anasa.

Kisha mashine ya Arusha ikabadilishwa, ikaja na Debian 13, toleo la mfumo wa Linux lililotoka Agosti 2025. Debian 13 ina Dovecot 2.4, na katika 2.4 replikesheni, yaani huko kunakiliana, imeondolewa kabisa. Usiitafute kwenye mipangilio, haimo. Moshi walikuwa bado na Debian 12 yenye Dovecot 2.3.19. Mama wa uhasibu wa Moshi akanipigia: "Mwanangu, mbona ankara za Arusha za jana sizioni?" Nikamwamkia, nikamwambia anipe muda.

Kuipandisha Moshi nayo kwenda 2.4 kusingerudisha chochote. Ilibidi Arusha ishuke.

Njia inayomjia mtu kwanza ni kuongeza hazina ya Debian 12 kwenye apt, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, kuipa Dovecot kipaumbele cha zaidi ya 1000 ili apt ikubali kushusha toleo, na kusakinisha. Inawezekana. Lakini niliiendesha kwanza kwa `apt -s`, ambayo inaonyesha itakachofanya bila kukifanya, nikaona orodha ya maktaba za zamani zinazotaka kuingia kwenye mfumo mpya. Debian 13 imebadilisha hata majina ya maktaba nyingi kwa sababu ya mabadiliko ya saa ya biti 64. Libssl3, maktaba ya usimbaji, sasa inaitwa libssl3t64. Mashine ya namna hiyo leo inafanya kazi, kesho ukileta masasisho ya usalama unaanza kusuluhisha ugomvi wa vifurushi. Sikutaka. Niliamua Debian 13 ibaki ilivyo, na Dovecot 2.3 iishi ndani ya kontena, yaani mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mashine hiyohiyo, lenye Debian 12 safi.

Kazi yenyewe niliifanya usiku. Kwanza nikaiambia Postfix ishikilie barua badala ya kuzipeleka kwa Dovecot: `postconf -e 'defer_transports = lmtp'`, kisha `postfix reload`. LMTP ndiyo njia ambayo Postfix inamkabidhi Dovecot barua. Barua zinapokewa kama kawaida na kukaa foleni. Kwa mipangilio yake ya asili Postfix huvumilia siku 5 kabla ya kuirudisha barua, na mtumaji haonywi kuhusu kuchelewa, kwa hiyo mgeni wa Ujerumani anayeuliza bei usiku wa manane hajui kinachoendelea. Wa ofisini ndio wasioweza kusoma wala kutuma, kwa kuwa nywila zao zinakaguliwa na Dovecot.

Nikasimamisha Dovecot, nikanakili /etc/dovecot na folda zote za barua kwenye diski ya nje kwa `rsync -a`. Ndipo nikaiondoa 2.4 kwa `apt purge`. Hapa `remove` haitoshi, maana inaacha faili za mipangilio, na mipangilio ya 2.4 haisomeki na 2.3. Faili ya 2.4 lazima ianze na `dovecot_config_version`, 2.3 ikiliona neno hilo inagoma kuwaka. Hata `mail_location` tuliyoizoea, inayosema barua ziko wapi, 2.4 imeivunja vipande, `mail_driver` na `mail_path`. Ukitaka mipangilio ya 2.3, ichukue kwenye seva ya 2.3. Mimi niliitoa Moshi kwa `doveconf -n`, nikabadilisha jina la mashine na cheti.

Sehemu ninayoomba uisome polepole ni ya barua zenyewe. Sisi tunatumia Maildir: kila barua ni faili moja, na alama ya kusomwa au kujibiwa imo kwenye jina la faili. Kwa hiyo barua hazijali toleo. Kinachojali ni faili za indeksi, orodha za Dovecot za kutafutia barua haraka, zile zinazoanza na `dovecot.index`. Hizo 2.4 ilikuwa imeziandika kwa mtindo wake, nikazifuta zote ili 2.3 ijijengee zake. Lakini `dovecot-uidlist` usiiguse, wala `dovecot-keywords`. Hiyo ya kwanza ndiyo inayoshika namba ya kila barua. Ikipotea, namba zinaanza upya, na kila simu na kompyuta itapakua kisanduku kizima tena. Kwa watu wanaosoma barua kwa bando wakiwa getini, utasikia vilio mpaka Marangu.

Kontena nililijenga kwa `debootstrap bookworm` (bookworm ndiyo Debian 12) ndani ya /var/lib/machines, likaendeshwa na systemd-nspawn, huduma ya Linux ya kuendesha kontena. Huduma hiyo ikiwashwa kwa kawaida yake hubadilisha namba za watumiaji ndani ya kontena, na folda za barua zikaonekana za mtu asiyejulikana. Dawa yake ni `PrivateUsers=no` kwenye faili ya .nspawn, pamoja na `VirtualEthernet=no` ili kontena litumie mtandao wa mashine yenyewe, na `Bind=` ya folda ya barua. Mtumiaji wa vmail, anayemiliki folda za barua, awe na namba ileile ndani na nje. Postfix haipo ndani, hivyo inazungumza na Dovecot kupitia bandari za 127.0.0.1 badala ya soketi za faili.

Nikaondoa `defer_transports`, nikapiga `postqueue -f`, foleni ikamwagika kwenye visanduku. `doveadm replicator status` ikaanza kuhesabu watumiaji wanaosubiri Moshi, ikashuka taratibu hadi sifuri. Kwenye Debian 13 nikaweka kipaumbele cha -1 kwa vifurushi vya dovecot, asije mtu akairudisha 2.4 kwa bahati.

Debian 12 ina msaada wa muda mrefu hadi Juni 2028. Kwa siku za baadaye, amri ya `doveadm sync`, inayosawazisha visanduku, bado imo hata kwenye 2.4, na nimeshaanza kuijaribu kwenye kisanduku changu mwenyewe, ikiitwa na kipima muda cha systemd kila baada ya dakika kadhaa.