Nilipima presha za Buguruni nzima, yangu nikaisahau

Pale Buguruni, Dar es Salaam, wananiita dokta. Mimi si dokta, ni muuza dawa mwenye cheti na koti jeupe, lakini ukishakaa nyuma ya kaunta ya kioo jina hilo hulikwepi. Mashine ya presha iko mkono wangu wa kulia, jirani na droo ya pesa. Kuna siku naufunga ule mkanda kwenye mikono ya watu ishirini. Kwenye mkono wangu sikuwahi kuufunga kwa miaka miwili. Wanasema kinyozi hajinyoi, ila kinyozi angalau kutwa anajiona kwenye kioo.

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa nne usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili nilikuwa natoka saa nane mchana, na bosi alikuwa anaihesabu hiyo kama mapumziko. Piga hesabu: saa 90 kwa wiki. Kwangu ni Chanika, kwa hiyo alfajiri natoka mwanangu amelala, usiku nasimama kwenye daladala mpaka Gongo la Mboto ndipo napata kiti, na nikifika amelala tena. Bibi yake ndiye aliyekuwa ananisimulia mtoto kaota jino.

Watu wakisikia kazi ya duka la dawa wanafikiri ni ya kukaa. Kaa uone! Miguu ilianza kuvimba mwezi wa tatu, nikahama kwenye viatu nikaingia kwenye kandambili. Duka halina choo. Cha kuazima kiko nyuma ya banda la chipsi, na ili niende lazima nifunge, na nikifunga mteja anakwenda duka la pili. Nikaona dawa ni kuacha kunywa maji. Mwaka huo nilijitibu UTI mara tatu, dawa zote nikikatwa kwenye mshahara.

Mgongo ndio ulionitia kwenye shimo. Kila ikifika saa moja jioni unawaka kama umemwagiwa pilipili, na mimi nina diklofenaki, dawa ya maumivu, rafu nzima nyuma yangu. Kidonge kimoja, na kinywaji kimoja cha enaji cha baridi ili macho yasifunge. Hiyo ilikuwa kila siku, na anayefanya hivyo ni mtu anayejua. Darasani tulifundishwa kwamba dawa za jamii hiyo zinapandisha presha na zinaumiza figo zikizoeleka. Wateja nilikuwa nawaambia: mzee, hizi usizifanye karanga. Mimi nazitafuna.

Kilichonishtua hakikuwa mwili wangu. Ilikuwa saa tatu na kitu usiku, akaja mzee mmoja wa Malapa, mteja wangu wa miezi yote, anatumia amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 5. Nikamwamkia, nikampa, nikaandika 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, kwenye bahasha, nikarudisha chenji. Akasimama pale anaigeuzageuza ile karatasi ya vidonge kwenye mwanga wa taa.

“Mwanangu, hizi ndizo zangu? Mbona maandishi siyo?”

Nilikuwa nimempa za 10. Nikacheka, nikambadilishia, nikamwambia macho yamechoka. Alipoondoka nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mikono inatetemeka. Yeye anajua dawa yake. Mama aliyetumwa na jirani je, au mtoto aliyekuja na kikaratasi?

Ndipo nikajifunga mkanda. 164 kwa 106. Nikasema mashine mbovu. Nikapumzika, nikarudia: 160 kwa 104. Nina miaka 31.

Daktari wa zahanati alipima siku tatu tofauti kabla ya kusema neno presha. Hakuanza na chumvi wala unene, aliniuliza kwa usiku mmoja nalala kwa muda wa saa ngapi. Nikamjibu saa tano, nikiwa na bahati. Diklofenaki akaipiga marufuku hapohapo.

Baadaye ndugu mmoja anayesomea sheria akanisomea kwenye simu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, upewe saa nzima ya kupumzika. Kati ya kutoka na kuingia, saa 12. Mimi nilikuwa na kumi, humo humo foleni ya Barabara ya Nyerere. Akaniongezea ripoti ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Hesabu yao imeishia 55. Mimi wa 90 sijui waniweke wapi.

Bosi wangu si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mama wa makamo, mwenyewe alianza kwa kulala dukani. Nilipompelekea cheti cha daktari alisema, “Mwanangu, Buguruni nani anafunga saa kumi?” Nikamwambia sijasema duka lifungwe, nimesema nitoke mimi. Na hadithi ya mzee wa Malapa nikampa. Hiyo ndiyo iliyomgusa, maana leseni ni yake. Ameajiri binti wa pili, tunapokezana wiki kwa wiki. Mshahara umeshuka kutoka 250,000 hadi 190,000. Saa ni 48, bado zinapita za sheria, lakini presha juzi ilisoma 138 kwa 88.

Nikiwa zamu ya usiku yupo konda mmoja hupita kabla sijafunga. Anaingia kashika kiuno. “Dokta, zilezile.” Wiki iliyopita nikamwambia leo sikuuzii kabla sijakupima, weka mkono hapa, dakika tano tu. Akachungulia nje, dereva anapiga honi.

“Dakika tano, dada? Gari lina abiria.”

Akavuka barabara, akaingia duka la pili.