Mwaka wa korona tuliigiza chini ya roshani, na kikundi hakikufa

Naandika hii kwa sababu vijana kadhaa wa maigizo wamekuwa wakiniuliza tulifanyaje mwaka 2020 hapa Mombasa kikundi kisivunjike, na pia kwa sababu mpaka leo nina hasira na ushauri tuliopewa na kila mtu, "wekeni mtandaoni", yaani kila aliyekutana nasi anasema hilo hilo.

Kwanza mjue sisi riziki yetu ni shule. Watoto wa kidato cha nne wanatahiniwa tamthilia ya Kiswahili kwenye vitabu teule, sisi tunaifanyia mazoezi kisha tunazunguka nayo Kisauni, Kilifi, Kwale mpaka Taita, kila mwanafunzi analipa mia au mia na hamsini, na pesa hiyo ndo inabeba maonyesho ya ukumbini, maana ukumbini ukipata watu themanini unashukuru Mungu. Katikati ya Machi shule zikafungwa, kumbi zikafungwa, tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni kila mtu awe ndani, na saa moja ndo saa tuliyokuwa tunafungua mlango. Tulikuwa na safari kumi na moja za shule zimeshapangwa. Wiki moja zote zimekwisha.

Basi tukafuata ushauri. Tukajibana watu sita sebuleni kwangu, simu mbili, maiki ya kuazima, turekodi mchezo wa saa moja na nusu. Feni lazima izimwe isije ikaingia kwenye sauti, na joto la mwezi wa nne Mombasa mnalijua, poda yote imeshuka shingoni. Tunaanza, adhana. Tunangoja, tunaanza tena, mwenye mkokoteni wa maji anapita anagonga mitungi. Tunaanza tena, mvua ya masika inashuka kwenye mabati hata mimi mwongozaji simsikii aliye mbele yangu. Siku nne tulihangaika hivyo! Bando na kijana wa kuhariri wakala kama elfu kumi na nane hivi. Tukauza linki shilingi mia mbili, wa kwanza kalipa asubuhi, kufika adhuhuri video ishazunguka magrupu ya WhatsApp mpaka shangazi yangu wa Lamu akanitumia mimi, "mwanangu tazama mchezo mzuri huu." Waliolipa hawakufika thelathini. Usiku ule nililia, sioni haya kusema.

Wazo lililotuokoa alilileta dada mmoja wa kikundi anayekaa fleti za Kisauni, majumba mawili yanatazamana na uwanja katikati. Akasema, jioni jengo zima liko roshani linatazama chini na chini hakuna kitu. Tukaenda kwa chifu na barua, tukakubaliana hakuna mtu kushuka, sisi wenyewe tuko na barakoa, na kabla ya Magharibi tumeshamaliza. Kafyu wakati huo ilishasogezwa saa tatu usiku lakini sikutaka kucheza na muda. Tulianza Agosti, saa kumi na nusu, watu washaswali Alasiri na kivuli cha jengo kimeshafunika uwanja.

Sasa hapa ndo nataka msome vizuri. Mtu wa ghorofa ya nne hakuoni uso, anaona utosi, na barakoa imekula mdomo wote. Mazoezi ya kwanza nilipanda juu mwenyewe nikatazama, sikuelewa nani ni nani. Nikashuka nikasema pazia na ukuta wa nyuma tupa, jukwaa letu ni sakafu. Tukatandika mikeka, mkeka mmoja chumba cha baba, mwingine jikoni, mchanga uliobaki katikati ndo barabara. Kila mhusika leso yake au kofia yake, mama mkwe leso nyekundu kifuani na kichwani, ukiona nyekundu inasogea kuelekea jikoni roshani zote zinaguna kabla hajasema neno! Maneno tuliyapunguza karibu nusu, tukasema polepole tukielekea ukuta wa jengo la pili ili sauti irudi. Spika hatukukodi, msikodi, mlio unagonga majengo na kuvurugika. Ngoma moja dakika tano za mwanzo inatosha kuwatoa watu ndani.

Malipo: tulichukua shuka kuukuu jeupe tukaandika namba ya M-Pesa kwa rangi nyeusi, tarakimu ndefu kama mkono, tukalitundika. Mwaka ule kutuma chini ya elfu moja kulikuwa bure mpaka Desemba kwa hiyo mtu alituma hamsini bila kuogopa kukatwa. Wasio na simu wakashusha vikapu kwa kamba kama wanavyonunua mboga. Siku ya kwanza mweka hazina amekaa pembeni na simu, mama mkwe anafukuzwa, simu ikaanza kutetemeka haikomi. Tulipata kama elfu tisa. Video ya siku nne haikufika huko.

Tukazunguka fleti karibu kila Jumamosi. Tarehe 12 Oktoba kidato cha nne wakarudi shule, mtihani wao umesukumwa mpaka Machi 2021, na walimu wa Kiswahili wakaanza kupiga simu, vipindi vimepotea na watoto hawajamaliza tamthilia. Vikundi vingi vilisema bila ukumbi haviwezi. Sisi ukumbi wa nini tena? Mwembe mmoja, mikeka minne, waigizaji watano wa kubadilisha leso, watoto wamekaa kila mmoja mbali na mwenzake. Kwenda Kwale tulivuka Likoni kwa miguu, mtu wa miguu halipi feri, maleba kichwani, ng'ambo tunapanda matatu. Gari tulikuwa tunakodi zamani elfu sita au saba, sijui kwa nini.

Shule tulizofika msimu ule zilipita zile kumi na moja zilizokufa, na madeni ya kodi ya stoo tukayalipa yote. Ukumbini tumerudi siku nyingi, lakini shuka lile bado tunalo, na bibi wa ghorofa ya tatu kule Kisauni akipita dada yetu anamuuliza, "Nyie watoto, mama mkwe wangu anarudi lini?"